Nyimbo za Mama Zilikuwa Upande wa Pili

Mwenye kosa ni mimi. Naanza na hapo ili usipoteze muda ukimtafuta mwingine, kama tulivyofanya nyumbani kwetu.

Jina langu usiliulize. Jua tu kwamba mimi ni msichana wa Machakos, na kwamba haya yalitokea katika ile miaka ya mwanzo wa elfu mbili, wakati ukimaliza kidato cha nne unakaa nyumbani karibu miaka miwili ukingoja kuitwa chuo kikuu. Miaka miwili! Mtu mwenye akili zake atafanya nini muda wote huo? Mimi nilifanya ujinga.

Siwezi kusingizia kusahau. Tangu utotoni nina macho ya kunusanusa: nani amekaa wapi, nani ameshika kikombe gani, nani amenyamaza alipoulizwa. Siku hiyo ya ujinga wangu naikumbuka mpaka rangi ya leso ya Mama.

Kompyuta yetu ilitoka Athi River. Baba alikuwa akifanya kazi huko kiwandani, akirudi nyumbani wikendi, na ofisi yao ilipobadilisha mashine, wafanyakazi walikubaliwa kuchukua za zamani. Akaja na skrini kubwa kama kabati. Mama akaifumia kitambaa cheupe, akaiweka sebuleni karibu na picha ya harusi yao.

Baba mwenyewe hakuipenda. Aliiita "TV isiyo na habari." Aliyeipenda ni Mama.

Mama alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani kwetu, na nyimbo alikuwa akizitunga mwenyewe, kwa Kikamba. Aliziandika kwanza kwenye vikaratasi, kisha akakaa kwenye kompyuta na kuzipiga chapa kwa vidole viwili, akigusa kila herufi upesi na kutoa mkono, kama mtu anayepima kama pasi imeshika moto. Akimaliza, vile vikaratasi aliwashia jiko.

"Mama, si uviweke?" nilimwuliza siku moja.

"Vya nini? Siku hizi tuko na kompyuta."

Alisema hivyo kwa fahari! Ukitaka kujua kwa nini moyo wangu unaniuma hadi leo, kumbuka hilo jiko.

Mimi nilikuwa nikisomea kompyuta katika chuo kidogo pale mjini, kozi ile ya kila mtu aliyekuwa akingoja chuo kikuu. Nilikuwa tayari nimeshaionja hasira ya Mama, kwa maana niliwahi kuifungua ile mashine kwa bisibisi nione ndani, ikapiga kelele wiki nzima kama kifaranga aliyepotea. Mama akaniapia: "Ukiigusa tena ndani, chuo kikuu utakingojea Ndithini kwa nyanya yako, ukifukuza ndege kwenye mtama."

Hakuwa akitania. Mama hatanii kuhusu mtama.

Basi rafiki yangu wa chuoni akanipa sidii. Linux. Akaniambia ni mfumo kamili, na ni wa bure, na unaweza kukaa ndani ya kompyuta moja pamoja na Windows bila kugombana. Nikacheka. "Mifumo miwili, mashine moja? Kama wake wawili?"

"Kabisa," akasema. "Unagawa shamba, unapanda mkonge wa mpaka katikati. Ukiiwasha, inakuuliza: leo unalala kwa nani?"

We! Ningelalaje usingizi baada ya kusikia hivyo?

Siku Mama alipoenda sokoni, niliuweka ule mpaka. Kompyuta ilipowaka na orodha fupi ikatokea, majina mawili, moja juu ya lingine, ikiningoja nichague, nilihisi kama nimejenga nyumba ya pili katika kiwanja cha wazazi wangu bila wao kusikia msumari.

Nilikosea jambo moja dogo. Niliiacha ianze upande wangu. Usipochagua haraka, inakupeleka yenyewe kwenye Linux.

Na Mama hakuwa mtu wa kuchagua haraka. Akiwasha kompyuta alikuwa akienda kuweka chai jikoni, akirudi anaikuta tayari.

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi aliporudi na kikombe chake. Akasimama.

"Huyu bata ni wa nini?"

Kwenye skrini kulikuwa na picha ya pengwini, yule ndege wa nembo ya Linux, mweusi kwa mweupe, tumbo nje.

"Ni... pambo, Mama. Nimekubadilishia pambo."

Akamsogelea, akainamisha kichwa. "Bata amevaa suti." Akacheka hadi chai ikamwagika. "Asi! Huyu anafanana na mzee wa kanisa! Mwache hapo hapo."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, Mama anacheka, mtama wa Ndithini uko mbali. Sikusema! Nilimwonyesha tu pa kuandikia, nikamwambia na maandishi nayo yamebadilishwa pambo. Akakaa, akaanza kupima pasi yake.

Tangu siku hiyo Mama alitunga na kuandika nyimbo zake zote mpya upande wa pili, bila kujua kwamba kuna pande. Alikuwa akitayarisha sikukuu ya somo wa kanisa letu, yule mtakatifu tunayebeba jina lake, na padri mpya angekuwepo. Hakuwahi kutunga kwa bidii kama hivyo. Mara nyingine nilimsikia akimsemesha yule bata: "Wewe unaonaje? Ubeti huu umekaa?"

Shida ikawa printa. Upande wa pili haukuelewana nayo hata kidogo. Mama akibonyeza, kimya. Nami nikamwambia printa imeharibika. Uongo, kama unavyojua, haupendi kulala peke yake.

Sasa nikujulishe dada yangu. Nitamwita Mwende. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa mjini, na alikuwa na mchumba, mwalimu wa chuo cha kompyuta kule Kangundo. Huyo nitamwita Musyoka. Mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa macho. Barua za wazee zilikuwa zimeshapita, na siku ya ntheo ilikuwa imekubaliwa. Ntheo ni wale mbuzi wanaoletwa kwa wazazi wa msichana. Bila hao, kwetu Ukambani, hata mkae pamoja mpaka mng'oke meno, hujaolewa.

Musyoka alikuja kutusalimu Jumapili moja baada ya misa, na Mwende akamwambia, "Hebu umwangalilie Mama hiyo printa."

Hapa lazima nikueleze jambo, la sivyo hutanielewa. Kwetu mama mkwe na mkwe wana heshima baina yao, tunaiita nthoni. Vijana wengi wa mjini wameshaiacha. Mama yangu hakuiacha. Hakukaa sebuleni na Musyoka, hakula naye, hakumtazama usoni, na hakusema naye moja kwa moja. Akiwa na neno, alimtuma mtu. Musyoka naye akiwa na jibu, alimtuma yule yule. Wala hawangebishana. Mkwe akikatazwa neno na mama mkwe, analimeza na kusema asante.

Mwende alikuwa ametoka kwenda dukani kununua soda. Baba alikuwa amelala. Kwa hiyo aliyekuwa akipeleka maneno kati ya sebule na jiko la nje ni mimi.

Musyoka akaketi mbele ya kompyuta. Akaizima, akaiwasha. Ile orodha ya majina mawili ikatokea. Akaitazama, kisha akageuka akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema polepole, "hii ni kazi ya nani?"

Nikaangalia dari.

"Ni kazi safi," akasema, macho yakicheka. "Mimi wanafunzi wangu wakijaribu hii, tunapoteza kila kitu."

"Usiniseme, tafadhali."

"Nikuseme kwa nani? Mimi nimekuja kuona printa."

Akachagua Windows. Printa ikaamka mara moja, ikatema karatasi ya majaribio. Nikakimbia jikoni kumwambia Mama. Alikuwa amevaa leso ya manjano yenye maua ya kahawia, akitwanga mahindi ya muthokoi.

"Mwambie achape zile nyimbo," akasema bila kusimamisha mchi. "Saa nane niko na mazoezi."

Nikarudi. Musyoka akatafuta. Windows ilikuwa na nyimbo za zamani tu. Mpya hazikuwepo, kwa kuwa hazikuandikwa huko. Mama, ambaye hakuweza kuingia, alikuwa ameshakuja mpaka dirishani na kuchungulia skrini kutoka kwenye pembe ya pazia. Nilisikia sauti yake nje.

"We msichana! Njoo hapa! Bata wangu ameenda wapi? Muulize huyo mgeni nyimbo zangu ameziweka wapi!" Kisha akarudi jikoni, kwa sababu hata kuchungulia kulikuwa kumepita heshima.

Musyoka hakushtuka. Akaniambia, na maneno yake ninayo hadi leo kama alivyoyasema:

"Mwambie mama nyimbo hazijapotea. Ziko upande wa pili wa kompyuta. Anipe muda kidogo nizilete huku, nitazichapa zote."

Ni maneno machache tu. Kazi yangu ilikuwa kuyabeba kutoka sebuleni mpaka jikoni, umbali ambao hata kuku wa kwetu anauvuka bila kuchoka.

Njiani nikaanza kufikiri. Nikimwambia "upande wa pili," Mama atauliza, "Upande gani wa pili?" Na nikijibu hilo, atauliza nani aliyeutengeneza. Nikaona mtama. Nikaona ndege.

Nikaingia jikoni.

"Mama, anasema nyimbo hazionekani. Anasema pole."

Mchi ukasimama.

"Pole?"

"Ndiyo."

"Anafuta nyimbo za sikukuu, kisha anasema pole?"

Nilinyamaza. Ee, nilinyamaza! Mama akainua mchi, akautwanga ule muthokoi mpaka nikauonea huruma.

Kisha nikarudi sebuleni na uongo wa upande ule. "Shemeji, Mama anasema acha tu. Hataki zichapwe leo. Unywe chai."

"Una hakika? Ni kazi ndogo."

"Amesema acha."

Akainua mikono kutoka kwenye kibodi, taratibu, kama mtu aliyeambiwa chombo si chake. Akanywa chai yake. Mama hakutoka kumuaga.

Unajua nilifikiria nini? Nilifikiri nimefanya jambo la akili! Mpango wangu ulikuwa huu: akishaondoka, mimi mwenyewe ningezihamisha zile nyimbo, kisha niseme, "Mama, zimeonekana!" Kila mtu angecheka. Kosa dogo, lenye mwisho mzuri.

Lakini Musyoka alipotoka tu langoni, Mama aliingia sebuleni, akachomoa waya wa kompyuta, akauviringisha na kuuweka chumbani kwake.

"Hakuna mtu kugusa hii kitu mpaka baba yenu ailetee fundi kutoka mjini."

Fundi! Fundi angeiwasha, akaiona ile orodha, akasema kwa sauti mbele ya watu wote. Wiki hiyo sikuonja chakula. Nyumbani nako hewa ilibadilika. Shangazi alipopita, Mama alimwambia. Akina mama wa kwaya wakaambiwa. Maneno yakazidi kupata miguu: mara Musyoka ana kiburi cha kompyuta, mara alifanya makusudi kwa kuwa kwao ni Waprotestanti. Mimi niliyajua yote, na nilimimina chai.

Siku ya mazoezi ya kwaya nilichukua ule waya chumbani kwa Mama. Ndiyo, niliuiba. Nikawasha upande wa pili, nikaiona folda ya nyimbo zake, nikaivuta kuipeleka upande wa Windows. Ikaonekana imekwenda. Jina lake likakaa huko vizuri kabisa. Nikashusha pumzi. Na kwa kuwa sikutaka fundi akute alama yoyote, nikafuta upande wa pili wote. Mkonge, mpaka, bata, vyote.

Nikaiwasha kompyuta nione kazi yangu.

Skrini ikawa nyeusi. Herufi chache nyeupe kwenye pembe, basi. Nikaizima, nikaiwasha. Herufi zile zile. Ule mlango wa kuchagulia ulikuwa umekaa upande nilioubomoa. Sasa hakukuwa na njia ya kuingilia hata upande uliobaki. Hilo hakuna aliyenifundisha!

Nikarudisha waya mahali pake. Nikaosha mikono, sijui kwa nini.

Jumamosi Baba alikuja na vumbi lake la Athi River, akaiwasha.

"Eh," akasema. "TV imezimika kabisa."

Mama akaja akaona. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema tu, "Huyo kijana aliacha nini ndani ya nyumba yangu?" Akakaa. "Hao mbuzi wasije kwanza."

Mwende alikuwa amesimama mlangoni, bado na koti lake jeupe la dukani. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji.

"Wewe ulikuwa pale. Alisema nini hasa?"

"Alisema pole."

"Pole tu? Hakueleza? Hakujitetea?"

"Pole tu."

Dada yangu akaegemea tangi. "Mwanaume ambaye hawezi kujitetea mbele ya mama yangu," akasema, "atanitetea mimi mbele ya nani?"

Nimesema uongo mwingi katika kisa hiki, lakini huo wa kwenye tangi ndio ningelipa chochote kuurudisha. Alimwambia Musyoka yaishe. Akarudi kazini, akawa anakula akisimama, kama mgeni.

Sitajipamba. Sikusukumwa na moyo safi. Nilisukumwa na kompyuta. Nilijua fundi anakuja, na mtu mmoja tu niliyemjua angeweza kuiamsha kabla yake. Nikaenda Kangundo.

Nilimkuta Musyoka darasani peke yake, akifuta ubao. Hakunikaribisha kwa macho yale ya kucheka.

"Shemeji. Au nisikuite hivyo tena?"

Nikamweleza herufi nyeupe. Akatikisa kichwa. "Umefuta upande mmoja bila kurekebisha mlango. Hiyo ni diskette moja tu, dakika chache." Kisha akaweka dasta chini. "Lakini niambie jambo ambalo sielewi. Mama alijua nyimbo ziko. Nilimtumia neno kwamba ziko. Kwa nini amenikataa kwa nyimbo ambazo hazikupotea? Kama hanitaki, si angesema hanitaki?"

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya kwa ukubwa wake. Mimi nilidhani nimeficha kompyuta. Kumbe huyu mtu alikuwa akilala na kuamka akiamini kwamba alisema kweli na akatupwa. Na Mama alikuwa akiamini ametukanwa. Na kati yao wawili hakukuwa na mtu yeyote isipokuwa mimi!

"Neno lako halikufika," nikasema.

"Halikufikaje?"

Nikamwambia. Alianza kwa kucheka, kicheko kifupi cha mtu aliyegonga kidole. Halafu akaketi kwenye dawati la wanafunzi wake.

"Na lile la 'acha tu, unywe chai'?"

"Langu pia."

"Aiya, shemeji."

"Si ungeingia jikoni umwambie mwenyewe?" Nilijitetea, fikiria! "Kwa nini hukuenda?"

"Niende jikoni kwa mama mkwe kumwambia mtoto wake si wa kutumwa?" Akanitazama vizuri. "Kompyuta nitaitengeneza. Lakini siwezi kuingia kwenu kwa diskette. Kuna mtu mmoja wa kunifungulia, naye ni wewe, na mimi siye nitakayekutuma."

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa jikoni akipepeta maharagwe, na leso ile ile ya manjano. Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga hotuba nzuri, yenye mwanzo na kati. Yote ikayeyuka.

"Mama, Musyoka ana neno lake kwako."

"Amekutuma leo?"

"Alinituma ile Jumapili."

Ungo ukatulia.

"Sema."

"Anasema: Mwambie mama nyimbo hazijapotea. Ziko upande wa pili wa kompyuta. Anipe muda kidogo nizilete huku, nitazichapa zote."

Mama aliinamisha ungo bila kutaka, maharagwe machache yakamwagika. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na sasa hivi ziko wapi?"

"Sasa zimefungiwa ndani ya kompyuta. Nilizihamisha mimi, kisha nikaubomoa mlango."

Nikamweleza yote, kuanzia bata. Nilingoja ungo unitue kichwani. Nilingoja Ndithini. Mama akaokota tu maharagwe yaliyomwagika, moja baada ya jingine, akayarudisha.

"Nilikutuma," akasema. "Nilikutuma kama mtu."

Basi. Afadhali angenipiga!

Mama alimtuma shangazi amwite Musyoka, naye akaja Jumamosi, na mjomba wake, kwa kuwa mtu aliyekataliwa harudi peke yake. Alichomeka diskette yake, akaandika amri fupi, na kweli, Windows ikawaka. Akaitafuta folda ya Mama. Ilikuwepo, ikiwa na jina lake. Akaifungua. Tupu. Nilikuwa nimevuta jina, na nyimbo nikaziacha upande nilioufuta.

"Mwambie mama—" alianza, akinigeukia kwa mazoea, kisha akajizuia. Sebule nzima ikaona haya kwa niaba yangu.

Wakati huo mlango wa nyuma ukafunguka, na Mama akaingia.

Sijui kama unaelewa. Mama yangu aliingia sebuleni alimokuwa mkwe wake. Baba aliweka kikombe chini kikakosa meza. Mjomba wa Musyoka akainamisha uso. Mama akavuta kiti, akakiweka mbele ya Musyoka, akaketi.

"Musyoka."

Musyoka akasimama wima, macho sakafuni. "Naam, Mama."

"Kaa. Neno lako limenifikia juzi. Lilichelewa njiani, na aliyelichelewesha ni wa tumbo langu. Nilikuita mharibifu mbele ya watu, na wewe ulikuwa umesema kweli." Akaikaza leso kiunoni. "Msamaha huu sikuweza kumtuma mtu. Nimetuma vya kutosha."

"Yameisha, Mama."

"Hayajaisha. Mbuzi bado hawajaja." Akainuka. Mlangoni akageuka nusu, akiangalia ukuta tena, heshima imerudi mahali pake. "Mwende, muulize mgeni kama anakula muthokoi."

Mwende alikuwa analia na kucheka. "Anakula, Mama!"

"Sijasikia akisema."

"Anasema anakula!"

Mbuzi walikuja. Siku ya ntheo kulikuwa na maneno mengi ya kupeleka kati ya akina mama jikoni na wageni nje. Wageni wakae wapi, nyama igawiwe vipi, mzee gani hali chumvi. Kazi hiyo ni ya mdogo wa bibi arusi. Ni heshima yake. Nilikuwa nimevaa vizuri, nimesimama mlangoni tayari. Mama akanipita akamwita shangazi.

Hakuna aliyenigombeza. Nilipewa kazi ya sufuria. Nilizisugua mpaka nikajiona ndani yake.

Miaka imepita. Mwende ana watoto, Musyoka bado ananiita shemeji na macho yake yamerudi kucheka. Chuo kikuu nilikwenda, na kompyuta ndizo zinazonilisha. Lakini mpaka leo Mama akiwa na neno la mtu na mimi niko karibu, husema, "Usijali, nitamwambia mwenyewe."

Na nyimbo? Mama alikaa na wanakwaya wake wakazikumbuka kidogo kidogo, nyingine kwa mapigo, nyingine kwa kubishana. Wimbo mkubwa wa sikukuu ulirudi wote isipokuwa ubeti wa tatu. Sauti yake alikuwa nayo, maneno yalikataa. Sikukuu ikafika. Walipofika kwenye ubeti ule, walifunga midomo wakavuma sauti yake tu, kisha wakaendelea. Padri mpya alisifu hasa pale. Kwaya za jirani zikaiga! Sasa kila mwaka kanisa zima linavuma hapo na watu wanafunga macho, wakidhani ni ufundi wa Mama.

Basi, wewe unayenisoma: weka mifumo miwili, hata mitatu, hiyo si dhambi, ila mwambie mwenye kompyuta. Na ukipewa neno la mtu mkononi, lifikishe lilivyo, hata kama lina jina lako ndani. Usilipunguze, usilipake sukari. Uongo mdogo wa hatua chache kutoka sebuleni mpaka jikoni karibu uniondolee shemeji.

Wakifika kwenye ubeti ule mimi hukaa kimya, sivumi nao. Siku ile nilipoivuta ile folda, nilikuwa mtu wa mwisho duniani kuwa na maneno ya ubeti huo mbele ya macho. Mimi, mwenye macho ya kunusanusa! Sikuufungua kuusoma.